Kipande cha Oreteti

Opereta: Karatu, ongeeni. Arusha yuko kwenye laini.

Xavery: Haloo! Nani mwenzangu?

Domitila: Shikamoo, shemeji. Ni mimi, Domitila.

Xavery: Marahaba! Mke wa Marseli? Si nilikuacha kambini unapika?

Domitila: Niko Karatu, parokiani. Shemeji, watu wame— [mkwaruzo] —wamepigana kambini, vibarua wenu na vijana wa kijiji. Piusi wenu amepasuliwa kichwa kwa rungu. Hasemi.

Xavery: Mungu wangu! Nani—

Domitila: Damu imetapakaa mpaka kwenye ile mizani yenu ya magogo. Tobiko, mtoto wa Mzee Ngoitiko, amekatwa mkono. Mkono umedondoka chini, shemeji, nimeuona!

Xavery: Amekatwa na nani?

Domitila: Shemeji, usinilazimishe kusema.

Xavery: Domitila! Na nani?

Domitila: Na mdogo wako. Kwa panga.

Xavery: Lo! Yuko wapi sasa?

Domitila: Wamemfunga kwenye kisiki. Cha oreteti, ule mtini uliosema lazima uangushwe.

Xavery: Sikusema laz—

Domitila: Ulisema! Mzee Ngoitiko alikuja kukusihi kwa heshima zote. Ukamjibu kwamba mti mkubwa kuliko yote usipopimwa, hesabu ya msitu mzima inakuwa uongo.

Xavery: Ndivyo kazi ilivyo! Ukitaka kujua kaboni iliyomo, mti unaangushwa, unapimwa uzito, unakaushwa—

Domitila: Kaboni, kaboni! Akina mama wanaupelekea maziwa mti ule, wanaomba watoto. Mmoja wao, Nosim, alinipeleka hata mimi. Mume wangu hajui.

Xavery: Polisi wana habari?

Domitila: Thubutu! Polisi wakitokea tu, vijana wanamchoma mikuki. Wazee ndio wanaowazuia. Sikiliza, shemeji. Wanataka kile kipande.

Xavery: Kipande gani?

Domitila: Cha shina, ulichoondoka nacho kwenye gari. Kirudi juu ya kisiki, wachinje kondoo, wazee wauombe mti radhi, Marseli afunguliwe. Kesho jua likizama hakijafika, basi, wazee wanajitoa.

Xavery: Kile kipande...

Domitila: Haloo? Unanisikia?

Xavery: Nakusikia. Hakipo.

Domitila: Umekiacha wapi?

Xavery: Hakipo, shemeji! Tumekikausha, tumekikatakata, tumekichoma kwenye tanuri. Ndiko kupima kwenyewe.

Domitila: Chote?

Xavery: Kilichobaki, mlinzi amechemshia chai.

Domitila: Yesu na Maria! [mkwaruzo] Basi lete majivu. Nitawapigia magoti, watayapokea—

Xavery: Yameshamwagwa.

Opereta: Mmebakiza dakika moja.

Domitila: Mzee Ngoitiko yuko hapa mlangoni. Amenileta mwenyewe, na mwanawe kalazwa hana mkono. Ananitazama. Nimwambie nini?

Xavery: Mwambie... mwambie hii ni kazi ya serikali, tutaongea naye taratibu—

Domitila: Mwambie wewe! Nampa simu.

Xavery: Hapana! Usimpe! Domitila, nakuomba, usimpe!

Domitila: Basi njoo. Njoo hivyo hivyo, mikono mitupu, ukasimame pale kwenye kisiki. Aliyeagiza mti ukatwe ni wewe, Marseli alishika msumeno tu.

Xavery: Wataniua! Nina watoto, shemeji—

Domitila: Na wangu yuko tumboni! [pembeni] Ndiyo, baba. Ndiyo, nimempata. Anakuja. Anasema anakuja nacho.

Xavery: Unamwambia nini huyo? Siji! Domitila, mwambie siji! Haloo? Haloo!

Opereta: Arusha, mwenzako ameshaweka simu chini.