Nyongeza ya Mwalimu Leonard

Karatasi ya maisha ya marehemu aliyoiandika Mwalimu Ahmadi ninayo hapa mkononi. Ina mwandiko mzuri, na sitaisoma. Inasema marehemu alikuwa mtumishi mtiifu kwa miaka kumi na miwili, basi, imekwisha. Kwa utiifu husifiwa punda. Hii nitakayoisoma nimeiandika mwenyewe tangu jana adhuhuri. Herufi zangu ni kubwa kama mihogo na nitakwenda nazo polepole. Aliye na haraka avumilie, marehemu hana.

Mwalimu Leonard, mwana wa mdogo wangu Asia binti Pazi, alizaliwa mlimani Mgeta mwaka 1881. Padre aliandika tarehe 3 Machi kwa sababu padre hapendi mstari mtupu kwenye kitabu chake. Sisi tunaijua kuwa siku ile mto ulipochukua daraja la miti, mkunga akavushwa mgongoni kama gunia huku akimtukana aliyembeba. Alipotimiza miaka minne mama yake alikufa kwa ndui. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo hapakuwa na shauri la kukata. Nilimfunga mgongoni nikaenda naye kwangu. Mimi ndiye Mama Mkubwa wake, Mwaisha binti Pazi, kwa wale mnaojifanya hamnijui leo.

Alipokuwa na miaka saba hivi niliteremka naye mjini Morogoro kununua chumvi dukani kwa Bwana Fatehali. Mizani ikasimama sawa. Bwana Fatehali akachota chumvi kidogo kwa vidole vitatu, akaitia juu. "Hii nyongeza, mama." Njia nzima ya kupanda mlima mtoto aliniuliza jambo moja.

"Mama Mkubwa, mizani ilikuwa imeshakuwa sawa. Kwa nini ameongeza?"

"Ili turudi."

"Na asingeongeza?"

"Tungekwenda duka jingine, au tungekula bila chumvi. Tembea."

Akatembea. Nilidhani ameridhika. Kumbe aliliweka neno lile, akakaa nalo miaka ishirini na moja.

Masomo aliyaanza misheni mwaka 1890. Msidhani alikuwa na akili za ajabu. Alirudishwa darasa la kwanza mara mbili. Alikaa benchi la nyuma, wakamwita gogo, hata mimi nilimwita gogo, na Mungu anisamehe. Ndipo Katekista Paulo, aliyekuwa akifundisha hesabu, akamwita mbele kumchapa, na alipofika mbele akamwuliza kwanza ubaoni pameandikwa nini. Mtoto akasoma bila kukosea hata neno moja. Akarudishwa nyuma, akaulizwa tena, hakuona kitu. Katekista akamhamishia benchi la mbele, na dawa yote ilikuwa hiyo. Miaka miwili mtoto aliitwa gogo kwa ajili ya hatua sita. Alimaliza mwaka 1898, wa tatu katika darasa lake, akabaki misheni miaka miwili mingine akijifunza ualimu.

Tarehe 1 Februari 1901 aliingia kazini katika shule ya serikali ya hapa Lukwambe, mwalimu wa darasa la kwanza na la pili. Tarehe 12 Juni 1904 alimwoa Maria, mfinyanzi, ambaye vyungu vyake mnapikia ninyi nyote. Maria alisema atamkubali kwa sharti moja, kwamba asimsahihishe anapozungumza. Marehemu alilishika sharti hilo mpaka jana.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya Mwalimu Ahmadi imeparuka.

Tarehe 27 Januari 1909 ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa Kaisari. Mkuu wa shule, ambaye watoto humwita Bwana Saa kwa kuwa huitazama saa yake kuliko anavyowatazama wao, aliwasomea imla. Alisema, "Kaisari amefanya karamu, watu wote wafurahi." Watoto tisa wakaandika kwamba Kaisari amefanya kalamu. Wote tisa walikuwa watoto wa mlimani. Sisi watu wa mlimani mnatujua, ile *r* na ile *l* kwetu ni mtoto mmoja mwenye majina mawili, ukimwita kwa lolote anaitika. Bwana Saa akaona Kaisari amedhihakiwa. Kila mtoto viboko vitano. Abasi, mjukuu wa jirani yangu, alirudi nyumbani hawezi kukaa. Bibi yake akamwuliza amefanya nini. Akajibu, "Nimechapwa kwa sababu Kaisari ana kalamu."

Mlicheka. Kijiji kizima kilicheka. Marehemu hakucheka. Kesho yake alikwenda ofisini kwa Bwana Saa, na maneno yao aliniambia mwenyewe jioni hiyo.

"Bwana Mkuu, naomba wale tisa."

"Uwafanye nini?"

"Niwape saa moja ya nyongeza kila siku."

"Hawana akili, Leonard."

"Wana akili, Bwana. Hawana masikio ya herufi hiyo. Hata mimi sikuwa nayo."

"Saa hiyo itoke wapi? Mchana lazima waondoke wawahi kupanda mlima."

"Itoke kwenye saa ya pamba."

Kila mtoto wa shule ile ana mstari wake wa pamba wa kulima, ninyi mnajua, na pamba ile ndiyo Bwana Saa huipenda baada ya saa yake. Akaitoa saa mfukoni, akaifungua, akaifunga. Akasema, "Sawa. Lakini siku nitakayokuta magugu katika mstari wa mmoja wao, nyongeza yako imekufa."

Mwanangu akakubali. Watoto wakapata saa yao, na mistari yao ya pamba akailima yeye, kila alasiri, peke yake, baada ya kufundisha madarasa mawili.

Ile *r* na *l* aliziwinda hivi. Alikuja kwangu kwanza. Alisema, "Mama Mkubwa, wewe una kichwa kigumu kuliko wote ninaowajua. Ukielewa wewe, wataelewa wao." Nikamwambia nimekulea kwa kichwa hicho hicho, endelea. Akaniambia nipige vigelegele. Nikapiga. Akasema ulimi unapopiga mle, hiyo ndiyo *l*. Kisha akaniambia nifukuze ndege kwenye mtama, rrrr, kama tunavyofukuza shambani. Nikafukuza. Akasema ulimi unapotetemeka, hiyo ndiyo *r*. Nilikuwa nimepita miaka hamsini na mitano, na siku ile ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nazo zote mbili kinywani tangu utoto, hakuna aliyewahi kunitenganishia. Maria akatandaza udongo mbichi wa ufinyanzi ubaoni, nikaziandika kwa kijiti. Nikikosea anafuta kwa kidole gumba, hakibaki kitu cha kuonea aibu.

Basi ukipita nyuma ya shule saa nne ulisikia nusu wanapiga vigelegele, nusu wanafukuza ndege. Mkasema Mwalimu Leonard ameanzisha ngoma. Baada ya miezi mitatu wale tisa waliandika karamu na kalamu bila kukosa.

Wakaletwa wengine. Hapo ndipo alipoonyesha akili yake, na jambo hili nataka walimu walisikie, Mwalimu Ahmadi usiangalie chini. Marehemu hakuwatia wote kapu moja. Alikaa na kila mtoto peke yake, akatafuta anajikwaa wapi, akaandika katika daftari. Daftari hilo ninalo. Halina neno mjinga hata mara moja. Wapo wa sikio, hao ni vigelegele na ndege. Wapo wa jicho, hao walisogezwa mbele kama alivyosogezwa yeye. Wapo wa njia, watoto wa Mgeta juu wanaoanza kuteremka alfajiri na hufika hesabu imeshapita. Hao hawakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa mlima. Aliwasomesha tena hesabu ya asubuhi, na kabla ya hapo aliwapa muhogo wa kuchemsha, kwa sababu alisema tumbo tupu husikia sauti yake tu. Alisema dawa ya jicho haitiwi sikioni. Hakuchukua zaidi ya watoto sita kwa kundi moja. Mtoto akiacha kujikwaa alirudishwa kwa wenzake siku hiyo hiyo, asizoee kuwa mgonjwa.

Mwisho wa daftari kuna jina langu. Limeandikwa hivi: "Mwaisha binti Pazi. Sikio zuri. Anajikwaa kwenye kusahihishwa." Nimelisoma jana. Huo ni uongo, lakini nimeuacha.

Mwaka huu watoto wa Nyongeza ni thelathini na mmoja. Thelathini na mmoja ni mistari thelathini na mmoja. Masika haya mvua imenyesha kama mlivyoona, na magugu yameota kama mlivyoona. Ninyi akina baba mlipita njiani mkamwona yumo kwenye matope mpaka magotini, analima mstari wa mtoto wako wewe, na wa kwako wewe. Mlisemaje? "Pole na kazi, Mwalimu." Mkapita. Mmoja wenu alimwambia, "Mwalimu, unalima kama Mnyampara." Naye akacheka, akajibu, "Mnyampara ana watu wa kumlimia." Nilikuwapo. Sitamtaja, amesimama pale anajikuna.

Mwalimu Ahmadi naye nilimwambia mwezi Februari, hata nusu saa, mwanangu, msaidie. Akasema, "Mama, mgongo wangu, na Bwana Mkuu hapendi." Mgongo wa Leonard ulikuwa wa chuma, nadhani.

Tarehe 26 Machi 1913 alirudi amelowa, anatetemeka. Kesho yake akaenda tena kufundisha na kulima. Tarehe 29 akashikwa na kichomi, akakohoa damu. Maria alimkanda, mganga alikuja, padre alikuja. Alilala siku kumi na moja. Jana Jumatano, tarehe 9 Aprili, saa tatu asubuhi, aliniuliza mistari mingapi imebaki na magugu. Nikamwambia kumi na moja. Sikumdanganya, hakupenda kudanganywa hesabu. Akasema, "Basi si mingi." Akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili.

Alasiri Bwana Saa alifika nyumbani. Alivua kofia, hilo nitalisema kwa haki. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema. Kisha akataka daftari, eti ni mali ya shule.

Nikamwambia, "Daftari lina jina langu ndani."

"Jina lako, bibi? Kwa nini?"

"Mimi ni mwanafunzi."

Akanitazama. Akatazama saa. Akasema, "Jumatatu saa mbili nitakagua shamba. Nikikuta magugu, saa ile inarudi kwenye pamba, na hao wasiojua kusoma watabaki na jembe. Ndivyo tulivyopatana na Leonard."

Ndivyo walivyopatana, kweli. Sitaki kumlaumu mtu kwa kushika neno lake. Nawalaumu ambao hawakuwa na neno la kushika.

Marehemu ameacha mjane, Maria, na watoto wawili, Paulo mwenye miaka minane na Asia mwenye miaka mitano, aliyepewa jina la bibi yake. Ameacha Mama Mkubwa mmoja. Ameacha watoto thelathini na mmoja wa Nyongeza, nao ninawahesabu katika wafiwa kwa sababu wao ndio watakaopungukiwa kwanza.

Na ameacha mistari kumi na moja.

Leo asubuhi mlikuja na majembe, bila kuitwa mara mbili. Nimeyahesabu nikiwa nimeketi kwenye mkeka. Majembe kumi na tisa. Kaburi hili mmelichimba upesi, kuta zimenyooka, chini ni laini, mmefanya kazi nzuri sana. Nilikuwa sijui kama Lukwambe kuna majembe mengi namna hii. Marehemu naye alikufa hajui.

Basi majembe hayo yasirudi majumbani. Tukishamfukia, mtayaegemeza ukutani kwangu, yote. Kesho Ijumaa alfajiri kila baba ataoshwa na mvua katika mstari wa mwanawe, na Jumamosi vilevile, mpaka Jumatatu Bwana Saa apite na saa yake akose pa kuinamia. Asiyekuja nitamwandika katika daftari, mahali anapojikwaa, na nitaandika kwa herufi zangu, mnaziona hata kutoka nyuma. Mwalimu Ahmadi, wewe hakuna aliyekuambia ulime. Wewe utafundisha. Saa nne, nyuma ya shule, makundi ya watoto sita sita, udongo atautandaza Maria. Usipojua vigelegele nitakuja kukufundisha.

Abasi, simama. Wewe unajua zote mbili sasa. Waonyeshe wenzako, ndege kwanza, halafu vigelegele, kwa sauti, hapa hapa. Asiyependa vigelegele msibani azibe masikio.

Mizani yako ilikuwa imeshakuwa sawa, mwanangu Leonard, ukaongeza. Pumzika kwa amani. Sisi tunarudi.