Mzee Nyamongo Ombati, Anayezikwa Bila Ubongo Wake

Mzee Nyamongo Ombati alizaliwa Manga mwaka 1911. Mimi Okemwa, kifungua mimba wake, nimeandika wasifu huu kwa Kiswahili na si Ekegusii, ili watu wa hospitali, kama wapo waliothubutu kuja, wasikose hata neno moja.

Shule ya misheni alisoma mwaka mmoja tu. Elimu yake aliipata kwa mjomba wake, aliyemfundisha kazi ya omobari: kupasua vichwa vya waliopasuka fuvu na kuondoa vipande vya mfupa. Hakumgusa mtu kabla ya mwenyewe na jamaa zake kukubali. Mwaka 1965 aliletewa mwanamume wa Keumbu aliyeangukiwa na gogo. Ndugu walipokuwa wakibishana, marehemu aliketi akala ndizi mbili, akawaambia kwamba yeye hana haraka na kichwa cha mtu mwingine.

Alimwoa mama yetu Bonareri mwaka 1936, wakaishi pamoja miaka arobaini.

Agosti 1968 walimjia wanasayansi wawili na mkalimani wao, Bwana Otiende. Walileta ubongo wa plasta unaofunguka vipande. Sehemu ya mbele, walisema, ni ya kufikiri na kuamua. Ile ndogo ya nyuma humwezesha mtu kusimama asiyumbe. Marehemu aliweka kidole upande wa kushoto, juu ya sikio.

"Wengi wanaopigwa hapa," akasema, "huletwa kwangu hawawezi kusema."

Waliandika haraka haraka. Ripoti yao ilipotoka ilimwita "mganga mmoja wa Kisii". Hata jina walimnyima.

Tarehe 2 Novemba 1975 alianguka akichuma chai. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yamempotea. Mama alipomuuliza anaumwa wapi, aligusa juu ya sikio la kushoto. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 9 Machi 1976.

Tulipomwosha tulikuta mshono umezunguka kichwa chote. Nilirudi hospitalini kuuliza. Daktari hakuona haya. Alisema ubongo wa mtu aliyepoteza usemi ni wa thamani kwa utafiti. Umetiwa kwenye dawa ugande, kisha utakatwa vipande vyembamba vitazamwe kwa darubini. Nikamuuliza ni nani aliyewaruhusu. Akanionyesha karatasi.

Ndugu zangu, tangu juzi mmekuwa mkimlaani aliyetia sahihi. Ni mimi. Mimi mwalimu wa Kiingereza, niliyesomeshwa kwa jasho la mzee huyu. Siku aliyofariki walisema ni karatasi ya kuchukulia mwili kesho yake, gari la kunirudisha nyumbani likawa linapiga honi nje, nikatia sahihi bila kuisoma. Mama, nilishindwa kukuambia nyumbani, na nimekosa adabu kukuambia mbele za watu. Watu wa hospitali nawachukia kwa hila yao. Mwenyewe nimejichukia zaidi.

Marehemu ameacha mjane, Bonareri. Wana wawili, Okemwa na Angwenyi. Binti mmoja, Nyamoita. Na wajukuu tisa. Ubongo wake ameuacha ndani ya chupa, kwenye rafu ya watu wasiomjua.

Kesho asubuhi narudi kuudai. Nikipewa, tutalifukua kaburi hili tumzike mzima. Hadi siku hiyo, mtu asiniambie kwamba baba yangu amepumzika kwa amani.