Tano ya Mwalimu Khush Begum

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Gulmit; Bibi Gulshakar, ambaye kwa umri wake ningemtaja kabla ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti mwenyewe naona anaitikia kwa kichwa; walimu wangu; wanachama wenzangu wa Kamusi Elezo ya Milimani mliotoka Passu na Shimshal; ndugu, jamaa, na ninyi majirani mlioletwa hapa na harufu ya mikate ya siagi: salamu kwenu nyote.

Mimi ni Didar Panah. Nimepewa dakika kumi za kumuaga Mwalimu Khush Begum, anayestaafu leo baada ya kusimamia sehemu ya Kiwakhi, lugha yetu, katika kamusi yetu ya mtandaoni kwa miaka kumi na mmoja. Nina furaha hata miguu haitulii, kwa hiyo nikiruka maneno mtanisamehe.

Kwa mlio wageni: kila mwanachama wetu ana ukurasa wake, na juu yake hubandika vibao vya lugha anazozijua, kila kibao na namba. Sifuri, hujui kitu. Tano, umebobea. Jambo dogo, sivyo? Kwa watu wengine, ndiyo. Sisi watu wa milima hii ya Gojal nusura lituangamize.

Miaka mitatu iliyopita baraza kuu la kamusi lilituandikia kwamba lugha isiyo na wanachama watano wenye namba nne au zaidi itafungwa. Tulipewa wiki mbili. Mle ndani Mwalimu alikuwa na makala elfu nne, za kila malisho, kila aina ya theluji, kila namna ya kukausha aprikoti, zote kaziandika kwa kidole kimoja. Tukakagua vibao vyetu. Wanachama arobaini na watatu, wote tuliozaliwa na Kiwakhi mdomoni, na aliyetuzidi wote alikuwa na mbili.

Mnacheka? Mimi nilikuwa na moja. Kiingereza nilijipa nne. Kijerumani nilijipa tatu, maana niliwahi kuwabebea mizigo Wajerumani wawili kwa siku tisa. Lakini lugha ya mama yangu, moja. Ningejipa ngapi, ikiwa mwalimu aliyenifundisha kusoma alijipa mbili? Nyumbani hatuketi mahali pa juu kuliko mkubwa wetu. Mtandaoni nako tukapangana vivyo hivyo.

Nikamwendea, Afiyat wa duka la mbegu na wenzetu wachache wakinifuata. "Mwalimu, panda hadi tano, sisi tutakufuata nyuma."

"Wee Didar, una akili kweli? Mama mkwe wangu yu hai, yuko chumba cha pili anakunywa chai, halafu mimi nijiite bingwa?"

"Basi tumwandikishe yeye."

Tukaingia kwa Bibi Gulshakar. Nikamweleza habari ya vibao mwanzo hadi mwisho. Akauliza, "Na hiyo tano ni ya nani?"

"Ya anayejua kila kitu, Bibi."

"Basi ni ya marehemu mama mkwe wangu. Mimi niandike tatu."

Ndugu zangu, nilimwona Mwalimu akishika kichwa. Bibi akiwa na tatu, hakuna kijijini atakayethubutu kufika nne. Afiyat alikuwa ameshatoa simu ajipunguzie namba. Hapo Mwalimu akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na niliumia.

"Mama, wanatufungia," akasema. "Wanasema Kiwakhi hakina anayekijua."

"Nani kasema?"

"Sisi. Tumeandika wenyewe."

Bibi akaweka kikombe chini. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akacheka mpaka kofia yake ya tarizi ikamwangukia jichoni. "Mijitu mizima," akasema. "Adabu hiyo mtazikwa nayo. Sasa naamuru. Mimi niandike tano, ninyi wote nne. Asiyetaka asinywe tena chai kwangu."

Nani angekataa? Tukapigiana simu hadi Shimshal, na kabla ya birika la pili kwisha, wote arobaini na watatu tulikuwa na nne, pamoja na Afiyat ambaye, tuseme kweli mbele ya mkewe, anastahili tatu. Baraza likatuandikia kwa heshima kuuliza imekuwaje watu wote hao wakajifunza lugha alasiri moja. Nikajibu: ni chai ya chumvi ya Bibi. Hawakuuliza tena, na hawakufunga.

Mwalimu, tangu siku ile umebaki na nne. Kila makala ulimsomea Bibi kwanza, akakusahihisha, ukaandika upya bila kununa. Tumekusihi upande, umekataa. Tungekupa nini leo? Joho la sufu, zawadi yetu ya heshima, unalo.

Lakini leo asubuhi Bibi aliniita. "Didar, lete hiyo simu. Nishushe niwe nne."

"Kwa nini, Bibi?"

"Jana mkwe wangu kanisomea jina la malisho ya juu kule Shimshal. Miaka tisini na minne sijawahi kulisikia. Mpe yeye tano, tena mpe nikiwa hai, nione."

Mwalimu, kibao kimeshabadilishwa. Usipapase mkoba, simu yako ninayo mimi, na hutaipata mpaka kesho. Nanyi wengine, nawajua: Bibi ameshuka hadi nne, na tayari naona mikono inaingia mifukoni. Itoeni. Mmeambiwa nne, bakini na nne.

Tunakushukuru, Mwalimu. Nanyi nyote ahsanteni kwa kunitegea sikio, mikate inapoa.