Pea Kumi na Moja kwa Ngozi Moja

Kavetsa hushona vishikio vya funguo kwa vipande vya ngozi vinavyotupwa na mafundi viatu wa Laini Saba, mtaani Kibera. Asubuhi hiyo, kwenye treni ya kwenda Kibera, mbele yake walikaa fundi mmoja mzee na msichana wa Kawangware. Hawakujuana, lakini tayari walikuwa wakibishana kama jamaa.

“Ngozi moja mimi hutoa pea nane,” mzee akasema. “Nimekata miaka thelathini!”

“Sawa, fundi. Hebu cheki.” Msichana akamsogezea simu. “Kompyuta inapanga kwanza, kisu baadaye.”

Kavetsa akanyoosha shingo. Kwenye kioo, vipande vya viatu viligeuka, vikapinduka, vikabanana mpaka ngozi ikajaa. Pea kumi na moja.

Mzee akagusa kioo kwa kidole. “Inajua ngozi ya tumbo huvutika?”

“Hiyo utaiambia wewe.”

“Na mabaki?” Kavetsa akajikuta ameuliza.

Msichana akamwonyesha vijipande pembeni, visivyotosha hata kishikio kimoja. Kavetsa akaona kazi yake ikiyeyuka, na bado macho yake hayakubanduka kwenye kioo.

“Rudia tena,” akaomba, treni ikisimama.