Risala ya Wazazi wa Mbeleko Kuhusu Tangazo la Mgongo na Picha ya Mwenyekiti Wetu

Mgeni rasmi, Bwana Whitcomb, mkuu wa matangazo wa kampuni ya dawa za maumivu. Mchungaji uliyetuazima ukumbi huu wa chini ya kanisa. Wazazi wenzetu mliosimama na watoto mgongoni, nanyi mliokaa kwa sababu mgongo umegoma:

Karibu Duluth. Umekuja na theluji, lakini kwa hilo hatukulaumu. Yapo mengine ya kukulaumu na tutayafikia. Umetuambia mlangoni kwamba una mtoto mchanga nyumbani. Hongera, na pole.

Tunashukuru pia kwa kumpokea Gerald bila kununa. Gerald ni mwanasesere wetu wa mafunzo, amejazwa mchanga hadi akawa mzito kama mtoto kamili, na kila mgeni wa chama hiki hubebeshwa yeye kwanza, awe gavana au fundi bomba. Lile bango ulilokuja nalo limeviringishwa tumelisimamisha kwenye kona kule. Tunajua lina picha gani, na ndiyo iliyotukusanya hapa.

HISTORIA YA CHAMA

Chama chetu kilianzia jikoni kwa Marit Halvorson, mwenyekiti, majira ya baridi ambayo kigari cha mtoto kilikuwa hakisukumiki hata hatua mbili barabarani. Marit alichukua kitambaa kirefu, akajifunga mwanawe Soren kifuani, akavaa koti la mumewe juu yao wote wawili, akaenda zake dukani kununua maziwa. Watu wakamcheka weee. "Marit, umemeza mtoto?" Haikupita wiki, wale wale wakawa wanabisha hodi kwake kuuliza kitambaa kinauzwa wapi.

Ndipo likaja tangazo lenu. Dada mwenye sauti tamu anasema kwamba siku hizi kubeba mtoto kwa mbeleko ni fasheni, kwamba mama huonekana mama wa kweli akijifunga mtoto, ila mgongo unalia, shingo inalia, basi ameze kidonge. Fasheni! Mgeni rasmi, ni fasheni gani hiyo yenye matapishi begani?

MAFANIKIO

Tulikuandikieni barua mpaka tukasikia mhudumu wenu wa posta ameomba likizo. Trudy, ambaye hata kadi za Krismasi huandikiwa na mumewe, alikuandikieni kurasa nne, na mbili kati ya hizo hazisomeki mbele ya Mchungaji. Tulivitupa vidonge vyenu kwenye theluji nje ya duka la dawa. Mkaliondoa tangazo. Tulishangilia kwa nguvu hadi watoto wote wakaamka, tukajuta.

Fanikio kubwa kuliko yote lilikuwa maandamano ya kulipinga tangazo hilo, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Marit alikuwa mbele na kipaza sauti, watu wa televisheni wamemzunguka, mbeleko imekaa vizuri kifuani. Akanguruma: "Mama humjua mwanawe hata akifumbwa macho! Humjua kwa pumzi! Humjua kwa uzito!" Sisi nyuma yake tukaitikia kwa vifijo. Simu yake ikalia. Alikuwa mumewe, Todd, yuko nyumbani anatazama.

"Marit, mtoto unaye?"

"Ninaye, amelala fofofo. Leo hajasumbua hata kidogo, malaika wa Mungu."

"Basi huyu anayenitapikia suruali ni wa nani?"

"Todd, usinichanganye, niko kwenye televisheni!"

Na ili kumkomesha, mgeni rasmi, akafunua kitambaa mbele ya kamera zote, nchi nzima imwone Soren.

Alikuwa Gerald.

CHANGAMOTO

Tunaomba ieleweke kwamba wiki ile yote Soren alikuwa na gesi tumboni na Marit hakuwa amelala. Gerald hutunzwa kwake, na asubuhi ile alimfunga kifuani aliyemkuta kwenye kochi amefunikwa blanketi. Ni kosa ambalo sisi sote tulio hapa tungeweza kulifanya, na baadhi yetu tumelifanya, ila hapakuwa na kamera.

Tangu siku hiyo Marit amejiuzulu. Dukani muuza maziwa humuuliza, "Gerald hajambo?" Kanisani hukaa nyuma. Hata leo yuko nyuma ya mlango ule wa jikoni, anakata keki yako, na amekataa katakata kutoka. Sasa nanyi mmetengeneza tangazo jipya lenye picha yake amemshika Gerald, na chini yake maneno: "Mgongo unauma hata kwa mwanasesere."

Tumecheka, hatuwezi kusema uongo humu ndani. Halafu tukamwangalia Marit, na kicheko kikatukauka. Inatuuma.

Changamoto ya pili ni kwamba mgongo unauma kweli. Vile vidonge tulivyovitupa, jioni wengine tulirudi na tochi kuviokota. Lakini ni mgongo wetu, na tunaulalamikia wenyewe. Marit naye ni wetu, na kumcheka ni kazi yetu. Hatutaki achekwe kwenye kila ukuta wa kituo cha basi kutoka hapa hadi Chicago na watu wasiojua kwamba hakuwa amelala.

MAOMBI

Tunaomba viti vyenye egemeo. Tunaomba Mchungaji apandishe joto kidogo. Na tunakuomba, mgeni rasmi, lile bango lisitoke. Lichomwe, lichanwe, lifungiwe samaki, lisitoke tu.

Hapa, mgeni rasmi, mimi katibu naiacha karatasi, kwa sababu linalofuata halikuandikwa.

Tangu nilipofika kwenye historia, umesimama. Hakuna aliyekuomba usimame. Unayumba kulia, unayumba kushoto. Unampigapiga Gerald mgongoni acheue. Na sasa hivi, Trudy alipocheka, umemnyooshea kidole ukamwambia, "Shh! Ndiyo kwanza amelala."

Usione haya, baba. Tunajua usiku wenu mnaupitishaje. Lakini Shauna, yule mwenye kamera pale dirishani, amekwisha kukupiga picha. Hatukutishi. Tunakuarifu tu kwamba imetoka vizuri sana.

Naam, ahsante kwa kuitikia kwa kichwa kwamba bango halitatoka. Mimi nimeona, Mchungaji ameona. Trudy, lichukue bango.

Na wewe Marit, usijifiche, tumekuona mlangoni na kisu cha keki. Unacheka! Haya, sema, mgeni anakusikiliza.

Anasema, mgeni rasmi, umshike shingo vizuri, utamwamsha.

Mungu akujalie safari njema kwenye barafu hii, amjalie mwanao usingizi mrefu, na wewe akujalie mgongo mpya. Gerald utatuachia mlangoni. Kabla hujaondoka, hakikisha ni yeye.

Ni sisi, Chama cha Wazazi wa Mbeleko, Duluth. Imesomwa na katibu, Brenna Oquist, kwa niaba ya mwenyekiti wetu Marit Halvorson, ambaye amekuja kukaa kwenye kiti chake.