Kumbe ya Mwisho ya Mwalimu Ushahidi

Ndugu waombolezaji, majirani, nanyi wanafunzi wa marehemu mliosimama mpaka nje ya geti, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda habari zilizotiwa chumvi, hapa haitatiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi saa na mama mshonaji, akabatizwa mwaka huohuo, jambo ambalo baadaye alilalamika kwamba lilifanyika bila yeye kuulizwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, sekondari mwaka 1967, na mwaka 1972 akaingia chuo cha ualimu kusomea fizikia, na aliporudi likizo ya kwanza alimuuliza baba mezani, kabla ya sala ya chakula, ushahidi uko wapi, baba akainuka na sahani yake akaenda kula barazani, na jina la Ushahidi likamganda tangu siku hiyo.

Tarehe 6 Januari 1975 aliajiriwa katika sekondari ya wavulana, akafundisha katika maabara ileile, yenye sinki linalovuja na dirisha lisilofungika, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2013. Wapo hapa watu wazima wenye vitambi wanaoukumbuka mwaka alioligawia darasa zima sifuri, kwa sababu wote waliandika jibu la kitabuni, ilhali mizani aliyowapa alikuwa ameiharibu kwa makusudi. Aliwaambia kwamba anayelijua jibu kabla ya kupima hajapima kitu, na kwamba yeye asipomsikia mtu akisema kumbe, hawezi kujua kama mtu huyo alikuwa anaangalia au anasinzia.

Tarehe 18 Desemba 1979 alifunga ndoa kanisani na shemeji yetu, mwalimu wa kwaya, akisema kwamba yeye anamwamini bibi harusi na hiyo inatosha. Walijaliwa watoto wawili, binti, aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye ni mfamasia, na kijana, aliyezaliwa mwaka 1985, ambaye ni fundi umeme.

Ndoa ile ilikuwa mdahalo usio na mwenyekiti. Jikoni, sufuria ikichemka, shemeji alimletea Newton, aliyeichambua Biblia miaka na miaka, marehemu akamjibu kwa Darwin, aliyekiri kwamba hajui kama Mungu yupo, kisha wakamgombania Einstein kama watu wawili wanaovutana shuka moja, mmoja akivuta kwa kuwa alimtaja Mungu, mwingine akivuta kwa kuwa Mungu huyo hakuwa wa kusikiliza shida za mtu. Mwishowe marehemu alifuta miwani na kusema, mama watoto, hata wakubwa hao wakisema, hayo ni maoni yao, si ushahidi, naye shemeji akamjibu, haya, basi leo kula maoni, mimi chakula changu napakua.

Tulicheka sana, lakini shemeji hakuwa anacheza. Alikuwa na hofu moja iliyomla miaka yote, kwamba siku moja atafika huko anakokuamini, amtafute mumewe kila upande, asimwone.

Mwezi Februari 2023 marehemu alianza kukohoa, na tarehe 4 Mei madaktari waligundua saratani ya mapafu, akaomba aonyeshwe picha ndipo akubali, akaonyeshwa, akakubali. Dawa zilishindwa. Wiki ya mwisho shemeji alipiga magoti kando ya kitanda akasali kama anayegonga mlango wa nyumba inayoungua, na alipomaliza, marehemu alisema Amina, kwa sauti, binti yake akadondosha kikombe. Shemeji hakuthubutu kuuliza kama ile ilikuwa imani au ilikuwa huruma tu.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 2023, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, alifumbua macho, akatazama juu ya bega la mkewe, akasema, "Kumbe!", akakata roho.

Hapo ndipo tulipokwama. Kijana anasema baba hakuamini, kwa hiyo kilichomshangaza ni kumkuta Mungu yupo, binti anasema kumbe hiyohiyo baba aliitoa kila alipoikuta miwani kichwani mwake. Shemeji halali wala hali, maana yeye anaikumbuka ile Amina, na anajiuliza, kama mumewe alikuwa ameshaanza kuamini, basi alishangaa nini, alimkuta nani, au alikuta hakuna mtu?

Mchungaji alitushauri tutangaze hapa kwamba marehemu amemwona Bwana, nasi tulitaka, Mungu anajua tulivyotaka, lakini shemeji alikataa huku akilia, akasema tusimwandikie jibu la kitabuni mbele ya jeneza lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani waliotuazima viti na machozi, walimu wenzake, na wanakwaya, ambao jana mwalimu wao alishindwa kuwaanzishia wimbo.

Kaka, pumzika, na kama huko amani ipo, mshikie mkeo nafasi kando yako, maana yeye anakuja, na hana ushahidi wowote.