Picha Iliyofunikwa na Kabuti

Benchi letu ni taruma la reli, gogo lililochoka kulaliwa na chuma, likaja kukaliwa na sisi. Liko nje ya kibanda changu cha kushonea, mkabala na stesheni ya Eldoret, na hapo kando Mama Tryphosa huuza kahawa aliyojifunza kuipika jikoni kwa mzungu. Kiprono tunamwita Daktari kwa sababu anafagia hospitali. Kipyego ni Krimu; huleta makopo ya krimu stesheni kutoka shamba la mzungu mmoja huko Ziwa. Wa tatu ni Wepukhulu, yaani Grisi, anayepaka grisi magurudumu ya mabehewa. Siku hiyo Grisi alifika macho mekundu. Mama yake alikuwa ametuma neno: tangu vita viishe hajaona mjukuu, basi mkewe Nabwire arudishwe kwao, mwanamke mwingine ameshaonekana. Gari la moshi la kumpeleka Bungoma lilikuwa njiani, na Nabwire alikuwa nyumbani akifunga sanduku.

KRIMU: Pole, ndugu. Lakini mama akisema, amesema.

GRISI: Nampenda, Krimu. Hiyo ndiyo shida. Nikirudi na hii grisi yote, nakuta maji moto iko tayari. Kila siku. Sasa nitamwambia nini?

DAKTARI: Kwanza tujue ni kitu gani imekataa ndani yake. Mimi nimeona picha.

Akageuka kutazama nyuma. Mama Tryphosa alikuwa anapuliza makaa, kwa hiyo Daktari akashusha sauti. Mambo haya hayasemwi mbele ya mama wa watu.

DAKTARI: Iko kwa ukuta, ofisi ya daktari mzungu. Mwanamke huko ndani amekaa kama kichwa ya ng'ombe. Ile uso ndiyo nyumba ya mtoto. Juu kuna pembe mbili, na mwisho ya kila pembe kuna kifuko ya mayai.

KRIMU: Mayai! Shemeji si kuku.

DAKTARI: Madogo sana, wewe. Kila mwezi moja inatoka, inatembea kwa pembe polepole, inangoja mbegu. Na mbegu ni nyingi, zinakimbia, lakini kutangulia si kufika. Moja tu ndiyo inaingia.

MIMI: Na yai likikosa mgeni?

DAKTARI: Nyumba ilikuwa imetandikwa, sivyo? Basi matandiko inatolewa nje. Hiyo ndiyo damu ya mwezi. Wazee walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Methali hiyo haikuwa na kazi yoyote pale, ila niliiacha ipite, maana mengine yote yalinikaa akilini. Ubaya wa Daktari ni kwamba hajui kunyamaza akiwa bado anasema kweli.

DAKTARI: Sasa ya shemeji imeganda. Ni hii baridi. Akae karibu na injini ya gari la moshi, mayai yataamka.

KRIMU: Uongo! Mtoto ni kama mursik, maziwa ya kulala kwa kibuyu. Maziwa ni ya mwanamume, kibuyu ni ya mwanamke. Kibuyu isiposuguliwa na mkaa, maziwa inaharibika. Anywe mkaa. Na asilalie upande ya kushoto, itamwagika.

GRISI: Mke wangu anywe mkaa?

Nikaona aibu kwa niaba ya benchi zima. Nikaingia na langu, la fundi wa suruali.

MIMI: Vitu vya mwanamume Mungu aliviacha nje ya nyumba, kwenye baridi. Si bure. Labda mbegu haipendi joto. Na Grisi anavaa suruali aliyorithi kwa mzungu mwembamba.

GRISI: Wachana na suruali yangu.

MIMI: Basi Daktari, picha ya mwanamume inasemaje?

DAKTARI: Iko upande ingine ya mlango. Lakini mzungu anatundika kabuti yake hapo. Sijawahi kuiona.

GRISI: Hata siku moja?

DAKTARI: Mimi nafagia asubuhi. Asubuhi kabuti iko.

Mama Tryphosa akaja kumimina kahawa, tukaanza kusifu mvua kwa sauti kubwa. Alipoondoka, Krimu akaikamata hadithi tena.

KRIMU: Hata ng'ombe wana ukaidi. Mwaka jana bwana yangu alinunua fahali, mrembo, amepewa utepe kwa shoo. Huyo fahali akapanda ng'ombe wote. Hakuna hata mmoja alishika mimba! Nikasema, hawa ng'ombe wamerogwa.

Hapo ndipo Nabwire alipofika, sanduku la bati kichwani. Alilitua kando ya benchi, akatusalimu kila mmoja kwa heshima, kisha akasimama akitazama chini. Krimu angepaswa kunyamaza, lakini aibu humfanya aongee zaidi.

KRIMU: Ng'ombe wazima, shemeji, wazuri, lakini zizi halina ndama!

NABWIRE: Na hao ng'ombe, shemeji, bwana aliwarudisha walikotoka?

KRIMU: Awarudishe kwa nini? Wale ni ng'ombe wazuri! Aliuza fahali. Akaleta ingine, na sasa ndama wanajaa...

Akakwama hapo, kikombe kikiwa mdomoni. Daktari alitazama viatu vyake. Mimi nilitafuta sindano ambayo haikupotea. Nilimwonea Grisi huruma. Gari la moshi likapiga honi kule mbele. Nabwire akainama achukue sanduku lake.

Grisi akamtangulia. Alilinyanyua, akalitua juu ya kichwa chake mwenyewe, mwanamume mzima mchana kweupe, wapagazi wa stesheni wakimcheka, naye akaipa stesheni mgongo.

GRISI: Daktari. Hiyo kabuti inatoka kwa ukuta saa ngapi?

DAKTARI: Jioni. Akienda nyumbani.

GRISI: Ningojee mlangoni.

NABWIRE: Na mama?

GRISI: Mama ni wangu. Nitamjibu mimi.

Nabwire alijifuta macho kwa ncha ya leso. Wakaanza kutembea, yeye nyuma kidogo, kisha ubavuni.

NABWIRE: Lakini leo sikuweka maji moto. Nilijua nasafiri.

GRISI: Leo nitaweka mimi.